Simu haiwaki na kompyuta haiioni: tafuta chanzo kabla hujafuta chochote

Simu ikigoma kuwaka, wengi hukimbilia dawa kali kwanza: kuflashi (kuandika mfumo wa simu upya), kufomati, kurudisha hali ya kiwandani. Baadaye simu inawaka kweli, lakini picha zote zimekwenda, na pengine chanzo kilikuwa kebo iliyokatika kwa ndani au uchafu ulioshindiliwa kwenye tundu la kuchajia. Msimamo wangu ni huu: anza na vipimo visivyopoteza kitu, na kufuta kuwe kwa mwisho kabisa, tena baada ya kuwa na uhakika kwamba hakuna njia nyingine. Utaratibu huu unafaa pia kwa tableti, konsoli ndogo ya michezo au kisoma vitabu.

Kabla ya kugusa chochote, tenga dalili. Simu isiyoonyesha uhai wowote si sawa na simu inayotetema huku kioo kikiwa giza. Ile inayoishia kwenye nembo ni tatizo jingine, na ile inayowaka vizuri lakini kompyuta haioni faili zake ni jingine kabisa. Ukichanganya dalili hizi utatibu ugonjwa usiokuwepo.

## Kebo na tundu, hata kama unaviamini

Kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne: mbili za umeme na mbili za data. Kebo nyingi zinazokuja na taa, spika na vifaa vidogo vya kuchaji zina zile mbili za umeme tu. Zitachaji simu vizuri, lakini kompyuta haitajua kama kuna kitu kimechomekwa. Hakuna draiva, yaani programu ya kuitambulisha simu kwa kompyuta, itakayoponya hilo. Ili kupima, chukua kebo hiyohiyo na kompyuta hiyohiyo, kisha chomeka kifaa kingine ambacho unajua kinahamisha faili. Kikionekana, kebo ni nzima. Kisipoonekana, badilisha kebo kwanza halafu ndiyo uendelee. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha kebo, tundu la kompyuta na draiva kwa mkupuo, hutajua kilichosaidia, na tatizo likirudi utaanza upya.

Sasa mulika tundu la simu kwa tochi. Simu inayokaa mfukoni hukusanya nyuzi za nguo, na kila ukichomeka kebo unazishindilia ndani zaidi, hadi zinakuwa pamba ngumu kwenye sakafu ya tundu. Ukitazama kutoka nje huoni kitu, kwa sababu uchafu wenyewe unafanana na sehemu ya ndani ya tundu. Dalili zake zinajulikana: plagi haiingii hadi mwisho na inabaki na mwanya mdogo, inachomoka yenyewe, au inachaji pale tu unapoiegemeza upande mmoja. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, ukwangue polepole kwa kufuata ukuta wa nje. Pini na sindano ziache kabisa. Tundu la Type-C lina ulimi mwembamba katikati, na huo ndio unaobeba pini zote za kugusana na plagi. Ukivunjika, tundu zima linabadilishwa. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe kwenye pini, maji yamewahi kuingia. Usichomeke umeme hapo. Safisha kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili, kisha acha pakauke kabisa.

Kuna hali moja inayowasumbua wenye konsoli ndogo na vifaa vya bei nafuu vyenye tundu la Type-C. Kifaa kinachaji vizuri kwa kebo yenye kichwa cha zamani cha mstatili upande wa chaja, lakini kwa kebo ya Type-C pande zote mbili hakichaji hata kidogo. Mwenye nacho anaamini betri imekufa. Ukweli ni kwamba chaja ya Type-C haitoi umeme mpaka ihisi rezista (vipande vidogo vya kuzuia mkondo) za omu 5,100 ndani ya kifaa, na baadhi ya watengenezaji hawaziweki rezista hizo. Chaja inafanya kazi yake sawasawa. Tumia kebo yenye kichwa cha zamani na tatizo limekwisha.

## Giza tupu: hakuna taa, hakuna mtetemo

Mshukiwa wa kwanza ni betri iliyoisha kupita kiasi. Seli ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2 hivi, na simu hujizima kabla haijashuka hadi 3. Lakini simu iliyoachwa kabatini kwa miezi huendelea kuvuja polepole, na seli ikishuka sana, saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri huifungia. Ukiichomeka katika hali hiyo, chaja haimimini umeme mara moja. Inaanza na mkondo mdogo sana hadi seli irudi kwenye kiwango salama, na katika muda wote huo kioo kinaweza kubaki cheusi. Hapo ndipo watu hukata tamaa, wanabonyeza kitufe cha kuwasha kila dakika, na kila jaribio linakula kile kidogo kilichokuwa kimeingia.

Chomeka kwenye chaja ya ukutani. Tundu la USB 2.0 la kompyuta kwa kawaida hutoa miliampea 500, na kwa betri kubwa iliyokauka hicho ni kidogo. Acha nusu saa bila kuigusa; kama ilikaa sana, iache saa kadhaa. Kisha ilazimishe kuwaka upya. Kwenye simu nyingi za Android, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, na kama hakuna jibu, rudia huku umeshikilia na cha kupunguza sauti. Kwa iPhone 8 na zilizofuata, bonyeza na kuachia haraka cha kuongeza sauti, kisha cha kupunguza sauti, halafu shikilia cha pembeni hadi nembo itokee. Hatua hii haifuti chochote. Simu ambayo mfumo wake uliganda huku kioo kikiwa kimezimika hufanana kabisa na simu iliyokufa, na hapa ndipo huzinduka.

Kama unaweza kupata mita ndogo ya USB, ile inayokaa kati ya chaja na kebo na kuonyesha volti na ampea, itakupunguzia kubahatisha. Mita ikibaki sifuri, umeme hauingii: tazama kebo, tundu, au saketi ya kuchajia. Ikionyesha mkondo mdogo unaopanda taratibu, betri inaamka, ivumilie. Mkondo unaopanda na kushuka kwa mdundo uleule huashiria simu inayojaribu kuwaka, inashindwa, inaanza tena. Mara nyingi betri imechoka kiasi kwamba haiwezi kubeba mzigo wa kuwasha. Na ikivuta mkondo mkubwa tangu mwanzo huku sehemu moja ya mgongo wa simu ikipata joto kali, chomoa. Kuna shoti kwenye bodi, na kuendelea kuchaji kunaongeza madhara.

Mfuniko ukiwa umefura au kioo kimeinuka ukingoni, acha kila kitu hapo. Hiyo ni betri iliyovimba. Usiichaji, usiibonyeze irudi mahali pake, usiitoboe. Ipelekwe kwa anayejua kuiondoa. Simu iliyotoka kwenye baridi kali au jua kali nayo inaweza kukataa kuchaji hadi joto lake lirudi katika hali ya kawaida, na hilo ni kinga, si hitilafu.

## Kioo ni cheusi lakini simu ni hai

Ipigie kutoka simu nyingine. Sogeza ile swichi ya kunyamazisha kama ipo, uhisi kama itatetema. Ichomeke kwenye kompyuta usikilize kama inatoa mlio wa kupokea kifaa. Ikiita au ikitetema (mlio wa kompyuta peke yake hautoshi, kama utakavyoona chini), mfumo wote unafanya kazi na tatizo ni kioo, waya wake wa utepe au taa ya nyuma. Kwenye vioo vya LCD, ingia chumba chenye giza na umulike kioo kwa tochi ukiwa umeinamisha pembeni. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo, taa ndiyo imekufa.

Simu ya namna hii haihitaji kuflashiwa hata kidogo. Inasikitisha kuona mtu akiirudisha hali ya kiwandani kwa kubahatisha vitufe gizani, wakati data yote ilikuwa salama ikisubiri kioo kipya. Kama tundu lake la Type-C linatoa picha, unaweza kuiunganisha na runinga au skrini ya kompyuta, ukachomeka na kipanya kupitia habu (kigawanyio cha matundu ya USB), ukafungua kwa PIN na kuhamisha faili zako. Simu nyingi za bei ya chini hazitoi picha kwa tundu hilo. Kwa hizo, badilisha kioo.

## Inaishia kwenye nembo, au inajizima na kujiwasha

Nembo ikionekana, umepata habari njema kuliko unavyodhani. Simu huamka kwa hatua: msimbo mdogo uliochongwa ndani ya prosesa huamsha kipakiaji, kipakiaji huonyesha nembo na kuita kiini cha mfumo, kiini huita mfumo wenyewe. Kufika kwenye nembo kunamaanisha umeme upo, prosesa ni nzima, na angalau sehemu ya hifadhi inasomeka.

Anza na kitufe. Kitufe cha kuwasha kilichokwama ndani, kwa uchafu au kwa kava linalobana, huifanya simu ijiwashe na kujizima bila mwisho, na hakuna programu itakayoponya hilo. Vua kava, bonyeza kitufe mara kadhaa, sikia kama kinarudi na mlio wake wa kawaida. Toa laini na kadi ya kumbukumbu, kisha ujaribu tena. Kwa konsoli ndogo zinazobeba mfumo wake ndani ya kadi ya kumbukumbu, kadi hiyo ndiyo mshukiwa mkuu: kabla ya kuandika mfumo upya, isome kwenye kompyuta na unakili kila kinachosomeka, halafu uandike mfumo kwenye kadi mpya na kuiacha ya zamani kama ilivyo.

Kama ni mara baada ya sasisho kubwa, ipe muda ikiwa kwenye chaja. Isipovuka nembo, jaribu hali salama, ambayo inazuia programu ulizoweka mwenyewe zisianze. Kwenye Android nyingi unashikilia cha kupunguza sauti pale nembo inapoanza kuondoka. Ikiwaka hivyo, ondoa programu ya mwisho kuwekwa na utazame nafasi iliyobaki. Hifadhi iliyojaa hadi pomoni yaweza kuzuia mfumo kumaliza kuamka.

Hatua inayofuata ni menyu ya urejeshaji (recovery). Mchanganyiko wa vitufe hutofautiana, ila mara nyingi ni cha kuwasha pamoja na kimoja cha sauti. Ukikutana na roboti aliyelala na maneno "No command", shikilia cha kuwasha ukibonyeza cha kuongeza sauti mara moja, menyu itatokea. Hapo soma kila mstari kabla ya kuthibitisha. "Reboot system now" haina madhara. "Wipe cache partition", kama ipo, inafuta faili za muda tu. "Wipe data/factory reset" inafuta kila kitu chako, na mstari huo unakaa karibu mno na mwingine. Tena, tangu Android 5.1, simu iliyofutwa kwa njia hii inaweza kudai akaunti ya Google iliyokuwemo awali, kwa hiyo hakikisha unaikumbuka nywila yake.

Kuna njia za kuweka mfumo upya bila kufuta, na hizi hazitajwi inavyostahili. Kwa iPhone, iingize katika hali ya urejeshaji, iunganishe na kompyuta, na ukiulizwa chagua "Update", si "Restore". "Update" inaweka mfumo upya na kuacha data. Upakuaji ukizidi dakika 15, simu itatoka yenyewe kwenye hali hiyo. Acha upakuaji umalizike, kisha iingize tena. Kwa simu za Android ambazo mtengenezaji wake anatoa faili kamili za sasisho, chagua "Apply update from ADB" kwenye menyu, kisha kwenye kompyuta yenye ADB, zana ya kuiamuru simu kupitia kebo, andika amri ya adb sideload ikifuatiwa na jina la faili. Data inabaki. Kwa Samsung, fundi anayetumia firimuwea rasmi (mfumo wa mtengenezaji mwenyewe) ana machaguo mawili ya faili ya CSC, yenye mipangilio ya nchi na mtandao: ile inayoanza na HOME_CSC huhifadhi data, ile ya CSC tupu huifuta. Mwulize atatumia ipi kabla hajabonyeza chochote. Na mtu akikwambia afungue kipakiaji kwanza, kumbuka kwamba katika simu za Android za kawaida kukifungua kunafuta data.

## Kompyuta inasema nini hasa

Hapa ndipo simu isiyowaka hueleza mengi, na wengi hupita bila kutazama. Kwenye Windows fungua Device Manager (orodha ya vifaa vilivyounganishwa) kisha ndiyo uchomeke kebo, uone kinachobadilika. Kwenye Linux fungua dirisha la amri, andika dmesg -w, kisha chomeka. Tumia tundu la nyuma la kompyuta ya mezani, bila habu.

Hakuna kinachobadilika kabisa: data haifiki. Rudi kwenye kebo na tundu, au simu haina umeme.

Ukiona "Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)" lenye msimbo 43, au kwenye Linux "device descriptor read/64, error -71", kompyuta imehisi kwamba kuna kifaa, imekiuliza wewe ni nani, na jibu limekuja limeharibika au halikuja. Watu hutumia jioni nzima wakipakua draiva kwa kosa hili, ilhali mazungumzo yamevunjika kabla draiva haijahitajika. Tatizo huwa kebo dhaifu, habu, pini za data zenye kutu, au saketi ya USB ya simu yenyewe. Lakini msimbo 28 ni kisa kingine: kifaa kimejitambulisha vizuri na draiva haipo. Hapo ndipo draiva inatafutwa.

Kisha kuna namba. Kila kifaa cha USB hutaja namba ya mtengenezaji na ya bidhaa, na kwenye Linux amri ya lsusb inazionyesha. Simu nyeusi tii inayotaja 05c6:9008 ni yenye prosesa ya Qualcomm iliyo katika hali ya dharura. 0e8d:0003 ni MediaTek iliyo katika hali kama hiyo. 05ac:1227 ni iPhone iliyo katika DFU, hali yake ya dharura. Maana yake ni moja: prosesa iko hai na inasubiri amri, lakini haikuendelea kuita kipakiaji, ama kwa sababu programu imeharibika, ama chipu ya hifadhi imeanza kufa, ama mtu aliipeleka huko kwa vitufe. Jaribu kwanza kuilazimisha kuwaka upya. Baadhi hutoka hapo. Ukiona 0e8d:2000 ikitokea kwa sekunde chache na kupotea, usishtuke. Simu nyingi za MediaTek zilizozimwa hufanya hivyo zikichomekwa kwenye kompyuta, na ni dalili kwamba kipakiaji cha awali ni kizima.

## Inawaka, inachaji, faili hazionekani

Fungua kioo kwa PIN; simu iliyofungwa haionyeshi faili. Vuta arifa chini, gusa ile ya USB, na uchague kuhamisha faili, kwa sababu Android huanza na kuchaji tu. iPhone itauliza kama unaiamini kompyuta, na mpaka ukubali haitatoa kitu. Windows yenye herufi N katika jina lake haiji na vipengele vya midia vinavyohitajika, hivyo weka kwanza Media Feature Pack. Mac haisomi hifadhi ya Android bila programu ya ziada. Amri ya adb ikisema "unauthorized", tazama kioo cha simu, swali liko pale linasubiri jibu. Ikisema "no permissions" kwenye Linux, kinachokosekana ni kanuni za udev (zinazokupa ruhusa ya kukitumia kifaa), na simu haina hatia.

## Kabla ya kuiacha kwa fundi

Mweleze dalili kwa mpangilio: ilianzaje, iliwahi kuanguka au kulowa, mita inasoma nini, kompyuta imeonyesha namba gani. Na sema waziwazi kama unachotaka ni simu au ni data, maana njia zake ni tofauti. Simu za kisasa husimba data kwa ufunguo unaotegemea prosesa na PIN yako, kwa hiyo kung'oa chipu ya hifadhi na kuisoma pembeni, kulikowezekana kwa simu za zamani, hakutatoa picha hata moja. Bodi hiyohiyo lazima iamke. Fundi anayeahidi kuhamisha chipu ya hifadhi peke yake kwenye bodi nyingine na kukurudishia faili, mwulize atapata wapi ufunguo.

Ikishawaka, usiizime, usiisasishe, wala usiipeleke kubadilishwa betri siku hiyo. Iache kwenye chaja, ifungue, nakili picha na namba, kisha fungua faili chache kwenye kompyuta uhakikishe zinasomeka. Simu iliyoamka baada ya kugoma inaweza isiamke mara ya pili.